Ufunguo wa Pili wa Tone

Ndugu, majirani, na ninyi wa maabara mliokuja na harufu ya dawa nguoni, anayewasomea ni dada mkubwa wa marehemu, shule sikuiona, herufi hizi alinifundisha yeye kwenye meza ya jikoni, kwa hiyo nikikwama nivumilieni, mwalimu wangu ndiye huyu tunayemzika.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Juni 1958, chumba cha nyuma, nyumbani kwa baba, mvua ikinyesha kwa sauti ya chini, mdogo kiasi kwamba mkunga alisema huyu si mtoto, ni tone, na Tone likawa jina. Mama alikuwa na sanduku la mbao lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwake, wa pili kwangu mimi kifunguamimba, ndani vyeti vyetu vya kuzaliwa na sukari, basi Tone wa miaka mitano akakamatwa akichokonoa kufuli kwa kibanio cha nywele, na mama, badala ya kumchapa, akamwambia, wewe mtoto, hata mimi mwenye sanduku siwezi peke yangu, nenda kambembeleze dadako.

Alianza shule Januari 1965, akamaliza sekondari Novemba 1975, akasomea ufundi wa maabara, na tarehe 1 Agosti 1979 akaajiriwa maabara ya ubongo, ghorofa ya pili, dirisha linalotazama paa la kiwanda cha sabuni. Miaka ikaenda, akapewa kupima kitu kiitwacho D-serini, ambacho alinieleza tukichambua mboga, kwamba ni serini ya kawaida, kijenzi cha protini mwilini, iliyogeuzwa kama sura kwenye kioo, wasomi walidhani binadamu hana, kumbe imo ubongoni tele, na kwamba chembe za ubongo zina milango ya kufuli mbili, kemikali nyingine, glutamati, huja na ufunguo wake, lakini mlango haufunguki mpaka D-serini, au nduguye mmoja, alete wa pili, hapo ndipo mtu hujifunza na kukumbuka. Ikipungua, mawazo huingia ukungu, ikizidi, milango hukaa wazi mno, chembe zikachoka zikafa. Nikamwambia, mwenzangu, umesoma miaka yote hiyo kuja kulikuta sanduku la mama, akacheka mpaka kisu kikamponyoka.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1982 na fundi saa, aliyetutangulia 2015, mtu aliyechelewa harusi yake mwenyewe kwa saa nzima, wakajaliwa binti, ambaye ni mwalimu, na mwana, fundi umeme.

Oktoba 2020 kichupa cha kupimia kilimponyoka kazini, safari hii hakucheka. Madaktari walisema ni ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli, ule ule ambao yeye na wenzake walikuwa wakichunguza kama D-serini iliyozidi inachangia kuua neva za uti wa mgongo. Mikono ikalala, miguu ikalala, sauti ikaenda, yakabaki macho, kupepesa mara moja ndiyo, mara mbili hapana.

Tarehe 9 Machi 2023 daktari alituletea fomu, Tone ameomba ubongo na uti wake wa mgongo vibaki maabara akishafariki, lakini hospitali inataka ridhaa mbili, yake na ya mkubwa wa familia. Yake ilikuwapo. Mimi nilikataa siku kumi na moja, nikisema mtu azikwe mzima, nitamwambia nini mama. Siku ya kumi na mbili namfuta uso, pazia likipumua dirishani, macho yake yakatua kwenye ufunguo wangu wa sanduku la mama, niliofunga kwenye ncha ya mtandio, yakakaa hapo kama mtoto anayengoja sukari. Nikamuuliza, ni hivyo tu, Tone, unangoja wangu? Akapepesa mara moja. Nikasaini jina langu kwa herufi zake.

Alifariki tarehe 4 Aprili 2023, saa nne asubuhi, jua limefika miguuni pa kitanda. Mlionong'ona kwa nini tumekaa siku mbili bila kuzika, jibu ndilo hilo, Tone alipitia kazini mara ya mwisho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomgeuza kitandani kama yai, majirani mliotupikia, na wenzake wa ghorofa ya pili, mliompokea mkavua kofia. Pimeni taratibu, yeye hakupenda haraka.

Ufunguo wangu bado ninao, mdogo wangu. Pumzika kwa amani.