Reki Mpya ya Jipu la Suti

Kijiwe chetu ni benchi moja bovu kati ya kibanda cha kinyozi na nyumba ya Suti, fundi cherehani. Kahawa nauza mimi, na porojo za wateja nazivumilia mimi. Siku hiyo jipu la Suti lilikuwa juu ya matofali mbele ya nyumba, naye yuko chini yake tangu asubuhi. Reki ya usukani ilikuwa imechoka, kile chuma kirefu kinachopokea amri ya usukani na kuipeleka kwenye magurudumu. Ukikata kona, gari linafikiria kwanza. Suti akagoma kwenda gereji, akanunua reki mpya, akaanza kuifunga mwenyewe kwa msaada wa benchi zima. Kisa chenyewe ni mama mkwe wake, aliyewahi kusema mbele za watu kwamba bintiye kaolewa na sindano. Suti alimwahidi kumfuata kwa gari mpaka mlangoni kwake, huko mlimani, amlete kumwona mjukuu mchanga. Ahadi ilikuwa ya asubuhi, na sasa jua lilikuwa limeshapinda. Nilimwonea huruma kweli.

— Zungusha tena! Suti alipiga kelele kutoka chini.

Kinyozi, aliyekalia kiti cha dereva na aproni yake, akazungusha. Kulia usukani ulikwenda mpaka mikono ikamchoka. Kushoto ulisogea kidogo, ukagoma.

— Kushoto kumekwisha, akatangaza.

— Kumekwishaje? Reki mpya hiyo!

— Upya ndio tatizo, akasema Waziri. Huyu tunamwita Waziri kwa sababu zamani alimwendesha mpishi wa waziri. — Reki mpya haijazoea. Gari letu la kazini lilikaa wiki nzima halijui kushoto. Tukawa tunazunguka mtaa mzima kwa kulia tu.

— Mkafika? akauliza Suti.

— Tulifika. Chakula ndicho kilichopoa.

— Achana naye, akasema Kinyozi. Kila kichwa kina upande nywele zinakolalia. Ukilazimisha kinyume, zinasimama. Reki hii imelalia kulia tangu kiwandani.

— Sasa tuichane? akauliza Suti.

— Tuilowanishe kwanza.

— Si nywele, si reki, akasema Waziri. Gari limeshajua linakopelekwa. Njia ya mlimani kona zote ni za kulia. Limejiandaa, maskini.

— Na kurudi je? nikauliza, maana nilishachoka nao.

— Atarudi kinyumenyume.

Chini ya gari spana ikaacha kugonga. Halafu Suti akauliza polepole, kama mtu anayeogopa jibu:

— Hebu semeni. Mlipoikaza ile nati ya usukani, reki ilikuwa katikati?

— Katikati ya nini? akauliza Kinyozi.

— Magurudumu yalikuwa yanatazama mbele?

— Yalikuwa yanatazama kibanda changu. Kwangu mimi ndiyo mbele.

Tukasikia spana ikianguka.

— Fungueni! Fungueni yote tuanze upya! Yule mama akinidharau tena mbele ya mke wangu, sitainua uso wangu mtaa huu!

Kabla hajamaliza, pikipiki ikasimama mbele yetu. Akashuka mama wa makamo, vumbi mpaka kwenye kope, kakumbatia furushi la nguo za mtoto. Waziri alimjua tangu siku ya harusi, akasimama wima.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Mkwe wangu yuko wapi? Nimemsubiri mpaka nimechoka.

Sauti ndogo ikatoka chini ya jipu:

— Semeni sipo.

Waziri akawahi kujibu.

— Ametoka, mama. Amekufuata wewe. Kwa gari.

— Saa ngapi?

— Mapema sana! akadakia Kinyozi kutoka kwenye usukani. Mmepishana njiani.

— Kwenye kona, akaongeza Waziri. Ya kulia.

Mama akajifuta vumbi usoni kwa ncha ya mtandio, bila haraka. Akalitazama jipu. Akamtazama Kinyozi na aproni yake. Kisha akatazama chini.

— Na hii miguu ni ya nani?

Kinyozi akainua macho kwenye paa la gari. Waziri akaninyooshea kikombe, na birika langu lilikuwa tupu. Mbele ya macho yetu, ile miguu, na viatu vyake vilivyopigwa rangi kwa heshima ya mama mkwe, ikajikunja taratibu ikaingia chini ya jipu.