Bi Vanila, Mwoga Aliyetuokea Keki

Ndugu, jamaa na majirani mliotushika mkono leo, haya ni maisha ya dada yetu kama familia inavyoyakumbuka. Yanasomwa na mdogo wake wa mwisho. Marehemu mwenyewe hakupenda kusimama mbele za watu, na huenda hata sasa angeomba tufupishe.

Alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Machi 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa pili kati ya wanne. Baba alikuwa mshika bendera wa treni, mama alifua nguo za watu. Mama alisimulia kwamba wakati wa kujifungua treni ya mizigo ilipita na nyumba nzima ikatetemeka, na mtoto akaja duniani na mshtuko ambao haukumtoka tena. Aliogopa radi, bata mzinga, ngazi na wanaume wenye masharubu, na kuliko vyote aliogopa moto. Nduguze walimwita Kunguru, kwa sababu kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Hakukasirika. Aliwajibu, “Ubawa wangu ninao. Wenu uko wapi?”

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng’ambo ya reli kuanzia 1957 hadi 1963, kisha akajiunga na chuo cha mapishi na ushonaji, alikohitimu Novemba 1967. Huko nusura afukuzwe muhula wa kwanza, kwa kuwa hakuthubutu kuwasha kiberiti. Mwalimu wa mapishi alimvumilia wiki tatu, kisha akamwita mbele ya jiko. “Binti, uoga si dhambi,” alimwambia. “Lakini keki haiivi kwa kutazamwa.” Akawasha, huku amefumba jicho moja. Keki yake ya kwanza ilikuwa ya siagi, na ilibonyea katikati kama sahani. Mwalimu alikula kipande, akasema kimepungukiwa na subira tu, vingine vyote vimo. Kuanzia siku hiyo marehemu alishika kanuni moja. Aliweka mayai manne na maganda yake upande mmoja wa mizani, na upande wa pili akapima siagi, kisha sukari, kisha unga, kila kimoja kwa uzito uleule. Hakuamini macho yake, wala mkono wake. Aliamini mizani.

Aliajiriwa katika kantini ya kiwanda cha nguo tarehe 4 Machi 1968, na alifanya kazi huko miaka kumi na mitatu. Saa ya ukutani ya kantini ilikuwa ikichelewa, keki zikaungua, basi akaitwa fundi saa. Fundi alikuja mara moja, akaja mara ya pili, akaja ya tatu. Mpishi mkuu akamuuliza, “Fundi, saa hii ina ugonjwa gani usiopona?” Fundi akajibu bila kugeuka, “Saa ilipona zamani. Aliyebaki mgonjwa ni fundi.” Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 16 Desemba 1972, baada ya fundi kukubali kunyoa masharubu. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kiume mmoja na wa kike wawili.

Mwaka 1981 aliacha kantini akaanza kuoka nyumbani. Alioka keki ya ndizi, ya limau, ya karoti, na ile ya rangi mbili iliyovurugwa kwa uma. Hakuna mtoto wa mtaa ule aliyetimiza mwaka bila keki ya mkono wake. Harufu ilimganda kwenye nguo hata mwenye kuleta barua akaanza kumwita Bi Vanila, na jina likamshika.

Sasa tuseme lile ambalo wengi wenu mlilisikia nusu nusu. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 30 Novemba 1985, shule ya chekechea ilikuwa na sherehe ya kufunga mwaka. Marehemu alikuwa ameoka keki kubwa ya siagi ya watoto arobaini na wawili. Kitindamimba wake, mwenye miaka sita, alikuwa mmoja wao. Keki iliondoka saa tatu, dada yake mkubwa akiwa ameshika upande mmoja wa trei na mwalimu upande mwingine. Marehemu alikuwa anaosha vyombo, na wifi yake, aliyekuwa amekuja kuwatembelea, anafagia.

“Wifi,” akauliza wifi, “lile kopo la dawa ya mende umeliweka wapi? Naona wanatembea chini ya sinki.”

“Kopo gani?”

“La ule unga wako wa kuumulia. Lilikuwa tupu, nikatia dawa humo maana pakiti ilichanika. Nililiweka nyuma ya lenzake.”

Marehemu aliacha sahani ndani ya maji. Asubuhi ile kopo la kwanza lilikuwa limebaki na kijiko kimoja tu. Kijiko cha pili alikichota kwenye kopo la nyuma. Unga wote mweupe, makopo yote mekundu. Keki ilikuwa imeumuka vizuri, imepasuka juu inavyotakiwa, na haikumtonya lolote.

Alitoka na aproni kiunoni na ndala miguuni. Ndala moja ilibaki barabarani. Kutoka nyumbani hadi shuleni ni mwendo wa dakika ishirini, na mumewe, aliyekuwa mtu wa kupima wakati, alikuja kukadiria kwamba alitumia tisa. Baadaye alieleza kwamba njia nzima alikuwa akihesabu watoto kwa sura zao, mmoja mmoja, na kila alipofika kwa wake alianza upya.

Kilichowaokoa watoto ni hotuba. Mwenyekiti wa wazazi alikuwa mtu ambaye akishika neno haliachi, na kila mwaka watu walimkimbia. Siku hiyo keki ilishakatwa, vipande vimo kwenye sahani mapajani mwa watoto, nao wameambiwa wangoje mwenyekiti amalize. Mwenyekiti hakuwa na haraka ya kumaliza.

Marehemu alisimama mlangoni. Watu wazima wote wakageuka kumtazama, jambo alilokuwa akilikwepa tangu utotoni. Akapita katikati ya ukumbi na mguu mmoja mtupu, akaanza kunyang’anya sahani na kumwaga vipande kwenye aproni yake. Watoto wakaangua kilio.

“Mama, vipi?” mwalimu mkuu akamshika mkono. “Kuna nini?”

“Msile,” akasema. Kisha sauti ikaja yote. “Msile. Nimetia sumu. Nimechanganya makopo. Nani ameshakula?”

Watoto watatu walikuwa wamedokoa. Wa tatu alikuwa wake, na chembe bado ziko shavuni.

Walipelekwa zahanati kwa gari la mwenyekiti. Kabla ya adhuhuri wote watatu walikuwa wanatapika. Tabibu alimwambia ukweli wake: waliodokoa wana matumaini, ila kwa mtoto ambaye angekula kipande kizima, yeye tabibu asingemwahidi mtu lolote. Marehemu aliketi kwenye benchi la ukutani, wazazi wa wale wawili wengine wakiwa kando yake, na hakuna aliyemsemesha. Alitetemeka hata benchi likawa linagonga ukuta. Mama mmoja hatimaye akanyoosha mkono akalizuia benchi, kisha mkono akauhamishia begani pake, akauacha hapo. Siku ya tatu watoto wakaomba uji. Wote watatu wako hai, na wawili wao wamo humu ndani leo.

Watu walipomuuliza ilikuwaje, alijibu, “Nilichanganya mwenyewe.” Mwalimu aliambiwa hivyo, wazazi wakaambiwa hivyo, hata mumewe. Hakuongeza neno kwa karibu miaka arobaini. Wifi yake yupo hapa, safu ya mbele. Juzi alituita akasema, “Liandikeni lote. Yeye alinifichia, mimi sitajificha kaburini pake.” Nasi tumeliandika.

Baada ya hapo hakuoka miaka miwili. Hata jikoni aliingia kwa kuitwa. Mwezi wa Novemba 1987 mwalimu mkuu alibisha hodi akiwa na kikapu cha mayai na unga.

“Watoto wanafunga mwaka,” akasema. “Nataka keki.”

“Mwalimu, umesahau?”

“Sijasahau. Ndiyo maana nimekuja kwako. Mji mzima hakuna atakayekagua makopo kama wewe.”

Akaoka. Tangu siku hiyo kila keki alikata kipande cha pembeni, akakila yeye, akakaa saa nzima kitini akijisikiliza tumbo kabla ya kuiruhusu itoke. Maharusi walingoja, na wenye haraka walioka wenyewe. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mtaa wetu ulicheka miaka thelathini na mitano kwa sababu ya huyu mwoga.

Mumewe alimtangulia tarehe 2 Oktoba 2011. Moyo wa marehemu ulianza kumsumbua Februari 2022, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi. Alilazwa mara nne. Aliogopa sindano, aliogopa lifti ya hospitali, na aliogopa kufa, wala hakumficha mtu. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, kitindamimba wake, ambaye sasa ni fundi cherehani, alimkuta ameshikilia ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

“Mama, usiogope,” akamwambia.

“Usinikataze,” marehemu akajibu. “Kaa tu hapa.”

Binti akavuta kiti akakaa. Hakumkataza tena. Saa nne na dakika ishirini ile mikono ikalegea. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Ameacha watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu saba, kitukuu mmoja, ndugu wawili, na wifi yake. Sisi sote tuliobaki tunaogopa dunia bila yeye, naye asingetulaumu kwa hilo.

Lala salama, dada. Mola akupumzishe kwa amani.