Bi Mhandisi Šulcová na Bamba Lililoitwa Apolena

Hakuna kijana katika Plzeň yote anayeng'arisha chuma kama mimi, Hynek Brabenec wa karakana ya vipande. Inzi akitua kwenye chuma nilichokipiga msasa huteleza, akavunjika mguu, akapelekwa hospitali. Wapo wanaosema naringa. Waje na chuma chao tuone. Nalitaja hili mapema kwa sababu huko mbele litahitajika, na pia kwa sababu kamati ya jarida letu la maabara iliwaomba wenye shahada wote waandike ukurasa huu, na wote wakasema wana kazi nyingi. Mimi niliyeacha chuo cha ufundi ukiwa umebaki mwaka mmoja nimalize, sikuwa na kisingizio.

Basi tarehe 30 Juni Bi Mhandisi Drahomíra Šulcová anastaafu, baada ya miaka thelathini na nane katika maabara yetu ya kupima vyuma. Muda wote huo alilipwa kwa kuvunja vitu. Mumewe, Bwana Evžen, alivunja bakuli moja la supu mwaka juzi na mpaka leo anakumbushwa. Mkewe amevunja mabamba ya chuma manene kama godoro, na kila mara akapigiwa makofi.

Kazi yake ilikuwa nyufa. Yeye husema kila chuma kina ufa mahali fulani, na mtu asiulize kama upo, aulize utafanya nini siku utakapobanwa. Kuna ufa unaotambaa: ukiongeza mzigo unasogea kidogo, unasimama, unakupa nafasi ya kumaliza kahawa na kupiga simu. Na kuna ufa unaotoroka. Huo hauombi mzigo zaidi. Ukisikia mlio, wenyewe umeshafika upande wa pili. Tangi kuu la kinu cha nyuklia, lile linalobeba joto na mgandamizo wote, halina tangi la akiba nyuma yake. Na chuma chake kinazeeka. Miaka ya kukaa karibu na kiini cha kinu inakitoa unyumbufu, hasa kwenye mishono ya kuchomelea, mpaka kikipoa kidogo kinakuwa na tabia za biskuti.

Kwa hiyo mtu akitaka kujua kama kinu kizee kiendelee au kizimwe, humwendea Bi Mhandisi, naye huchukua chuma kama kile, hukitia ufa kwa makusudi, halafu hukivuta kwenye mashine yetu kubwa mpaka kiseme.

Wageni hushangaa desturi zetu mbili za ukumbi mkubwa, na zote mbili alizianzisha yeye. Ya kwanza, kila bamba kubwa hupewa jina linalosherehekewa siku hiyo, maana kwenye kalenda yetu kila siku ina jina lake la mtu. Tumewahi kuwavunja Otakar, Blažena na Valburga, na kabla ya kuvuta lazima mtu alitakie bamba siku njema ya jina lake. Ya pili, kila mmoja huandika kwa chaki, kwenye mguu wa mashine, mzigo anaodhani utalivunja bamba. Atakayekosea kuliko wote analeta koláče, mikate midogo mitamu ya jibini, kesho yake. Bi Mhandisi alikosea mara mbili tu katika maisha yake hapa. Koláče alizooka mara ya pili zilikuwa ngumu kiasi kwamba Lumír, mwendesha mashine wetu, aliomba ruhusa ya kuipima moja. Ilivutwa mbele ya idara nzima. Ufa ulitambaa vizuri, ukasimama, ukatambaa tena. Bi Mhandisi akatangaza kwamba mkate huo unafaa kujengea kinu.

Hakuwa mpole, na msiniletee jarida lingine linalosema alikuwa mpole. Siku yangu ya kwanza alinipeleka kwenye rafu za vipande vilivyovunjika, akanionyesha upande ule wenye chembechembe, pale chuma kilipoachana na mwenzake.

"Huu unaitwa uso," akaniambia. "Hauguswi kwa kidole, haufutwi kwa kitambaa. Na nisikukute unashikanisha nusu mbili eti uone kama zinaoana."

"Kwani zitaumia, Bi Mhandisi?"

"Zitaanza kusema uongo. Na mwalimu wao utakuwa wewe."

Nilicheka. Yeye hakucheka, akanipa ufagio.

Sasa nifike kwa Apolena. Alivunjwa tarehe tisa Februari, miaka kumi na tisa iliyopita, mimi nikiwa chekechea nakula udongo, kwa hiyo nasimulia nilichosimuliwa na Lumír aliyekuwa kwenye usukani wa mashine. Kinu kikipata hitilafu kubwa, maji baridi humwagwa ndani ya tangi lenye moto. Upande wa ndani unapoa ghafla, upande wa nje bado unaunguza. Bi Mhandisi alitengeneza hali hiyo kwenye bamba moja: ukingo mmoja umegandishwa, mwingine umepashwa. Alisema ufa utaanza kwenye baridi, utatoroka, halafu ukifika kwenye chuma chenye joto utasimama wenyewe. Mwenzake wa wakati huo, Mhandisi Ctibor Vaněček, alisema ufa ukishatoroka umetoroka.

Ulitoroka. Lumír anasema vikombe vilianguka mezani. Kisha ukasimama katikati ya bamba, pale pale alipokuwa ameweka alama.

"Umeona?" Bi Mhandisi akasema.

"Nimeona pampu ikilegea," Vaněček akajibu. "Mashine imeacha kuvuta, ndiyo maana umesimama. Mtoto akiacha kulia kwa sababu amelala, usijisifu kwamba umembembeleza."

"Chuma kimeukatalia, Ctibor."

"Andika hivyo, na mimi nitaandika ninavyoona."

Wakaandika hivyo. Walilitenganisha bamba lote kuwa nusu mbili, na usoni ukaonekana mstari uliopinda kama ukucha wa kidole gumba, mahali ufa ulipokomea. Kama chuma ndicho kilichousimamisha, kwenye mstari huo lazima kuwe na vijimeno vidogo vya chuma kilichonyumbuka. Hadubini za siku zile hazikuweza kuvionyesha bila ubishi. Vaněček alihamia kwa wakaguzi wa usalama, akapanda vyeo, na kila mkutano akarudia habari ya pampu. Bi Mhandisi akaupaka uso wa nusu moja mafuta ya kuzuia kutu, akaufunga vizuri, akauweka rafu ya juu kabisa. Akangoja hadubini ikue.

Ikakua. Mwaka huu tumepata mpya, na wakaguzi wakakubali kuja baada ya Pasaka, Vaněček akiwa kiongozi wao. Wahandisi wote walijua kilichokuwa kinangojewa, ingawa sisi wa karakana hatukujua ni kwenye kipande kipi. Vaněček akiviona vile vijimeno na kutia saini, hesabu za Bi Mhandisi zingeingia kwenye kanuni, na kinu chetu kizee kingeweza kupewa miaka kumi zaidi bila mtu kuota ndoto mbaya. Asipoviona, kazi ya maisha yake ingebaki kuwa neno lake dhidi ya neno la Vaněček, naye angeenda nyumbani nalo. Alikuwa na nafasi moja tu kabla ya Juni.

Mwezi Machi alitimiza miaka sitini na mitano. Sisi wa karakana tukataka kumpa kitu cha kukumbukwa, si ua la kunyauka wala saa ya ukutani. Tukampa Apolena. Nusu nzima, imekatwa kimo cha mkono, imekaa juu ya kibao cha mwaloni, inang'aa pande zote. Haijapata kutoka karakana yetu kazi safi kama ile.

Alifungua karatasi mbele ya watu wote. Akaigeuza, akaiona sura yake mwenyewe.

"Hii mliitoa wapi?" akauliza taratibu.

"Rafu ya juu, Bi Mhandisi," nikajibu. "Ile iliyofungwa vizuri na mafuta. Tukajua unaithamini."

"Mlijua vizuri," akasema. Akaiweka chini, akakata keki, akanipa mimi kipande kikubwa kuliko vyote. Lumír alitoka nje kuvuta sigara, na Lumír havuti sigara.

Kesho yake alituita. Hakupandisha sauti.

"Wakaguzi wanakuja kutazama uso wa Apolena," akasema, "na uso wa Apolena mmeugeuza kioo cha kunyolea. Sasa msilie, mna sura mbaya za kulilia. Ufa una pande mbili. Nusu ya pili iko wapi?"

Hakuna aliyejua. Mwaka mmoja wa nyuma ghala lilivuja, vitu vikahamishwa mbio mbio, na nusu ya pili haikuwa imefungwa wala kupakwa chochote, kwa sababu nusu iliyoonekana nzuri ndiyo iliyowekwa rafu ya juu. Tulipekua ghala, tukapekua ua wa vyuma chakavu, tukapekua mpaka chini ya ngazi ambako tulikuta viatu vya mtu aliyestaafu zamani. Watu walianza kunipita kimya kwenye korido. Mimi mwenyewe nilianza kujipita kimya.

Aliyeiona ni Bi Mhandisi mwenyewe. Alikuwa amekaa chumba cha kahawa, kikombe mkononi, akitazama mlango ambao haujafungwa tangu mimi nianze kazi. Unazuiliwa na donge la chuma lililopakwa rangi ya kijani. Akainama, akakwangua rangi kwa ufunguo wa gari lake mpaka jina lililogongwa kwenye chuma likatokea.

"Habari za siku nyingi, Apolena," akasema.

Uso ulikuwa umeelekea ukutani muda wote huo. Kutu ilikuwepo, na inasafishika kwa dawa. Ila kona moja, ile iliyokuwa inasugua sakafu kila mlango ulipopigwa na upepo, ilikuwa imelika, laini kama kokoto ya mtoni.

Vaněček alikuja. Ana tumbo sasa, na bado anafunga tai ya miaka ile. Alikaa kwenye hadubini mpaka kahawa yake ikaota ngozi, na sisi tulisimama nyuma tukijifanya tunapima vitu. Hatimaye akavua miwani.

"Drahomíra, miaka kumi na tisa nimekusema kwenye mikutano."

"Najua, nilikuwa nakaa safu ya pili."

"Vijimeno vipo. Ufa ulisimamishwa na chuma. Pampu haikuhusika." Akafuta miwani ambayo ilikuwa safi. "Lakini mstari wako unaishia hewani. Upande huu mlango umeula. Sijui ufa ulifika wapi kabla ya kusimama."

"Hesabu kwamba ulifika mbali kabisa."

"Nikihesabu hivyo haitoki miaka kumi. Inatoka mitano."

"Basi ni mitano. Nisichoweza kukuonyesha sikidai."

"Na nusu ya pili?"

"Iko kabatini kwangu, imeng'arishwa. Ukitaka kunyoa nikuletee."

Vaněček alitazama huku na huko kutafuta mwenye kosa. Nilikuwa karibu kufungua mdomo, lakini Bi Mhandisi alishaanza kumwuliza habari za wajukuu. Hakutaja jina, siku ile wala baadaye. Vaněček akasaini. Wakaenda wawili kula bata na kabichi kwenye mkahawa wa pembeni, na aliyepita dirishani aliwasikia wakibishana kuhusu bamba lingine.

Kwa hiyo hesabu za Šulcová sasa ni kanuni, na vijana watakaokuja watazisoma bila kujua kuna mtu aliyezingoja karibu miaka ishirini. Ameacha ukumbi ambao mtu akikosea analeta koláče na haachi kazi, na wakaguzi wanaouliza kwetu kabla ya kuuliza Ulaya nzima. Mimi pia amenirudisha chuo, jioni, kumalizia ule mwaka. Alijaza maombi mwenyewe na kunipa nitie saini tu, na nilipouliza nikifeli itakuwaje, akasema ufa wangu ni wa kutambaa, hana wasiwasi.

Bi Mhandisi, asante kwa kutuvunjia vyuma ili watu wa bonde lenye kinu walale bila kujua wamelindwa na nani. Uyoga wa misitu ya Šumava ukungoje kila vuli kabla majirani hawajaamka. Bwana Evžen avunje mabakuli apendavyo na asamehewe. Na mwili wako ukianza nyufa, kama wa watu wote, zitambae polepole, zisimame mara kwa mara, zikuache umalize kahawa.

Limebaki moja. Nimeandika hapo juu kwamba zawadi ile tuliitoa sisi wa karakana, na sivyo. Lumír aliniambia ning'arishe mbavu tu, uso niuache ulivyo, au nikuulize kwanza. Nikamjibu kwamba chuma nusu kinang'aa nusu haking'ai hakiwezi kutoka mikononi mwangu. Nilikuwa na onyo lako la siku ya kwanza kichwani, lile la ufagio, na nililifagia nje. Kinu kimepata mitano badala ya kumi, nawe ulidai pungufu ya ulichokuwa umekiona kwa macho yako, kwa sababu ya msasa wangu. Uso wa Apolena niliufuta mimi, Hynek, peke yangu, na ulitoka safi sana.