Risasi za Anayekimbia

Kabla basi halijatoka Maganzo, Mzee Sostenes alimwambia kondakta amshushe Ibadakuli, wakwe zake wamemchinjia jogoo. Kisha akamwuliza Aarti, binti aliyeketi jirani yake, anachekea nini.

"Leo namwua kaka yangu Umesh, babu," akasema. Tuliokuwa nyuma tukashtuka, naye akaeleza haraka kwamba ni mchezo tu, kompyuta mbili zimeunganishwa kwa waya dukani kwao Shinyanga. "Ukifyatua huku unakimbia, risasi zinatawanyika. Ukichuchumaa ukapiga mojamoja, zinakwenda pale pale."

"Nani anazitawanya? Mkono wako?"

"Kompyuta yenyewe, hata ulenge vipi."

"Huo ni wizi!" Mzee akapandisha sauti. "Mimi na gobori langu nilimwangusha sungura huku nakimbia."

"Kwenye mchezo ungemkosa, babu."

"Nimkose? Yule swala nilimla!" Sungura alikua upesi.

Basi zima likacheka. Tuliposimama stendi ya Shinyanga bado wanabishana, mzee amechuchumaa kati ya viti, fimbo begani, akilenga kisogo cha dereva. Nadhani kule Ibadakuli, tulikokwisha kupita kondakta naye akicheka, wakwe walimla jogoo wenyewe.