Kibanio cha Njano cha Mzee Hakikisha

Ndugu, jamaa, majirani na wanachama wa klabu: marehemu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa kwanza wa baba fundi bomba na mama mkunga. Wengi wenu mnamjua kama Mzee Hakikisha, yule wa kuhakikisha jiko limezimwa, mlango umefungwa, na wewe mgeni umefika kwako salama hata kama kwako ni nyumba ya pili. Basi mtashangaa kusikia kwamba utotoni hakuwa na woga hata chembe. Mdogo wake wa kike, ambaye ndiye anayewasomea haya, anamkumbuka akiwa juu ya bati, anazungusha antena ya redio ya baba, upepo umempandisha shati mpaka kichwani, na mama yuko chini amejishika kiuno: "Shuka wewe mtoto! Utanipandisha presha!" Naye anajibu kwa utulivu wake, "Mama, stesheni imeshika?" Woga ulimjia ukubwani, ulimjia siku moja, na sisi wa nyumbani tumeona si haki kumzika bila kuutaja. Aliishi nao miaka mingi kuliko aliyoishi bila huo.

Marehemu alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu, kisha akajiunga na chuo cha ufundi na kuhitimu fani ya umeme mwaka 1978. Huko aliwahi kufungua feni ya ofisi ya walimu akaitengeneza vizuri sana, ila ikawa inazunguka kinyumenyume. Mkuu wa chuo alimwita. Marehemu akamweleza kwamba feni ni nzima, ni hewa tu ndiyo imegeuka. Alipewa wiki ya kufagia uwanja.

Mwaka 1979 aliajiriwa kwenye karakana ya pampu za maji, kazi yake ikiwa kusuka upya nyaya za mota zilizoungua. Aliifanya kazi hiyo mpaka alipostaafu mwaka 2017. Mkabala na geti la karakana kulikuwa na kibanda cha fundi saa, kijana mwenzake, mcheshi, mdomo haufungi. Wawili hao wakawa chanda na pete. Ni Fundi Saa aliyemwonyesha kwa mara ya kwanza yale magari madogo ya umeme ya mashindano, yenye urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, yanayoendeshwa kwa rimoti na kukimbia kuliko baiskeli ya mtu mwenye haraka. Marehemu alilishika moja, akalipindua, akaiona mota yake ndogo yenye brashi, na habari ikaishia hapo. Alikuwa amenaswa.

Mwaka 1982 alifunga ndoa na wifi yetu, fundi cherehani, na mwaka 1984 wakajaliwa binti yao wa pekee. Klabu ilianza mwaka uliofuata, kila Jumamosi, kwenye uwanja wa lami wa shule. Sasa, kwa wasioyajua mambo haya: ndani ya kila rimoti ya wakati ule kuna kipande kidogo kinachoitwa kristali, nacho kimepewa rangi. Rimoti mbili za rangi moja zikiwashwa pamoja zinagombania gari, na gari linakosa mwenyewe. Kwa hiyo klabu ilikuwa na ubao wenye vibanio vya nguo vilivyopakwa rangi, vibanio ambavyo wifi alivitafuta kwenye kamba yake ya kuanikia mpaka akachoka kuuliza. Sheria ilikuwa moja tu. Huwashi rimoti mpaka uwe umebana kibanio cha rangi yako kifuani, na ukimaliza unakirudisha ubaoni ili mwingine apate.

Jumamosi moja ya Oktoba 1988 kibanio cha njano kilikuwa kifuani kwa Fundi Saa, na gari lake lilikuwa uwanjani linapaa. Marehemu naye alikuwa wa njano, akisubiri zamu. Alikuwa ametoka kubadilisha mafuta ya shokomzoba za gari lake na kulegeza skrubu za usukani, akataka kuona kama tairi za mbele zinanyooka. Hakuna alichotaka zaidi ya hicho. Akasema, "Nawasha kidogo tu."

Akawasha.

Gari la Fundi Saa lilikuwa mwisho wa ile sehemu ndefu iliyonyooka. Halikukata kona. Lilipita chini ya kamba ya kuzuia watu, likapita katikati ya miguu ya watu, likatoka getini. Na binti, ambaye kazi aliyojipa ilikuwa kukimbilia magari yaliyopinduka na kuyasimamisha, akalikimbilia. Geti lile lilikuwa linatazama barabara. Marehemu aliona kisigino cha kiatu chekundu kikipotea nyuma ya ukuta, halafu akasikia breki za lori. Zile breki zililia, jamani. Zililia mpaka zikanyamaza, na baada ya hapo hakuna aliyesikia kitu.

Alikimbia. Alifika getini akijishikilia ukutani. Dereva wa lori alikuwa ameshuka, amekaa chini kwenye vumbi. Na mbele ya bampa, pua yake karibu iguse chuma, alikuwa amesimama binti na gari limemjaa kifuani. Akasema, "Baba, nimelikamata."

Hakuchubuka hata kidole. Lakini marehemu siku ile aliingiwa na kitu ambacho hakikumtoka tena. Alirudi uwanjani, akabandua kibanio cha njano kwenye shati la Fundi Saa, akakitia mfukoni mwake. "Njano imefungwa," alisema. Fundi Saa akahamia bluu.

Njano ilibaki imefungwa. Gari la marehemu lilifungwa kwenye kanga na kuwekwa juu ya kabati, naye hakuendesha tena. Ila hakuacha kwenda. Kila Jumamosi alikuwepo uwanjani, kibanio kimebana mfuko wa shati, anawatengenezea wengine magari yao. Alikuwa na kioo cha dirisha alichokitandika mezani, anaweka gari juu yake, anainua pua yake kwa ncha ya kisu polepole, na kutazama tairi ipi inaondoka kwanza. Zisipoondoka zote mbili pamoja, gari hilo halitoki. Aliliachia gari lidondoke mezani kutoka kimo cha kiganja, anasikiliza kama mbele na nyuma vinatua kwa kishindo kimoja. Na yeye ndiye aliyeanzisha lile swali ambalo mpaka leo halirukwi: kabla mtu hajawasha, anataja rangi yake kwa sauti na kuuliza, "Nani amewasha?" Uwanja mzima unajibu, "Hakuna!" Ulimwengu ulipoletewa rimoti mpya zinazojichagulia masafa zenyewe, zisizoweza kugombania gari, marehemu alikaribia kulia kwa furaha. Klabu ikapiga kura: gari la zamani, rimoti ya zamani. Alirudi nyumbani kanuna, hakula.

Binti yake alilelewa ndani ya hofu hiyo. Alipelekwa shule ameshikwa kifundo cha mkono, si kiganja, maana kiganja kinaweza kuteleza. Alikuwa akifika darasani ana alama za vidole. Alipokuwa mkubwa, ana kazi yake na nyumba yake, kila mwaka aliomba jambo moja: "Baba, nipe njano niendeshe." Kila mwaka jibu lilikuwa, "Omba kingine." Wifi alishamwambia mumewe, "Huyu mtoto ameokoka na lori, sasa nani atamwokoa na wewe?" Marehemu alicheka kidogo, akaenda kuhakikisha mlango umefungwa.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Madaktari walisema moyo umepanuka na umechoka. Alilazwa mwezi Mei. Wodini alibana kibanio kwenye gauni la hospitali, na muuguzi akamuuliza, "Mzee, hiki cha nini? Unaanika nini hapa?" Wodi nzima ikacheka, yeye akakifunika kwa kiganja. Alikuwa anaogopa, na hakuficha. Hakuogopa kufa kama alivyoogopa kibanio kubaki hakina mtu. Alimwambia mdogo wake wa kike, "Nikifumba macho tu, kuna mtu atawasha."

Asubuhi ya Jumamosi tarehe 10 Juni binti aliingia wodini na kanga mkononi. Ndani yake mlikuwa na gari na kile kioo cha dirisha. Akavitandaza kwenye meza ya chakula, akasema, "Baba, leo nataka njano."

"Naogopa, mwanangu."

"Najua."

"Hujui. Wewe hukuona. Mimi niliona kiatu chako."

Binti akakaa ukingoni mwa kitanda. Kisha akasema, na wifi alikuwepo, na mdogo wa marehemu anayewasomea haya alikuwepo, "Baba, lori nimelisahau. Nilikuwa mdogo, silikumbuki kabisa. Ninachokumbuka ni mkono wako. Mpaka leo nikivuka barabara nasikia umenibana hapa, na moyo unanienda mbio. Naogopa, na hata sijui naogopa nini. Ukiondoka na hicho kibanio utaniachia hii hofu peke yangu."

Marehemu alilia. Kisha akaomba kisu. Kikaletwa cha kumenyea matunda, naye akainua pua ya gari lake pale kwenye kioo, akasema, "Tairi ya kulia inatangulia." Binti akakaza skrubu. Akainua tena. "Bado." Akakaza tena, mpaka tairi mbili za mbele zikaondoka kwenye kioo pamoja. Marehemu akabandua kibanio kwenye gauni lake. Vidole vilikataa kukiachia. Binti hakukivuta, alisubiri tu huku amekinga kiganja, mpaka kikaanguka chenyewe.

Binti akaenda uwanjani, na siku ile ilikuwa ngumu. Dirisha la wodi lilikuwa linatazama barabara, na kila gari lililofunga breki, marehemu alishika ukingo wa kitanda. "Amerudi?" aliuliza. Wifi akasema bado. "Amerudi?" Bado, baba, tulia. Mdogo wake, anayesoma haya, alitaka kufunga dirisha, akamkataza. Alitaka kusikia. Sisi nasi tulikuwa roho mkononi, tusidanganyane, maana hofu ya mtu huyu ilishatuingia wote.

Binti alirudi jua limeinama, uso vumbi tupu, gari kwapani, bampa limechubuka. Marehemu alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Umekuwa wa ngapi?"

"Wa mwisho."

"Vizuri," akasema, na akacheka mpaka akakohoa. Halafu akaona kifua cha binti hakina kitu. Uso ukambadilika. "Kibanio kiko wapi?"

"Nimekirudisha ubaoni, Baba. Na kuna mtu ameshakichukua. Aliuliza, tukajibu, ndipo akawasha."

Marehemu alipapasa mahali kibanio kilipokuwa, akakuta kitambaa tu. Akamshika binti yake kifundo cha mkono, palepale pa siku zote. Akakaa nao hivyo kwa muda. Kisha akafungua vidole mwenyewe, akauachia. Binti anasema hajawahi kuuona mkono ule ukifunguka kabla ya siku hiyo.

Aliaga dunia Alhamisi tarehe 15 Juni 2023, asubuhi, usingizini, mkono umekaa wazi juu ya shuka.

Marehemu ameacha mke, binti mmoja, mdogo wake wa kike, mdogo wake wa kiume, Fundi Saa ambaye tunamhesabu ndugu, na klabu yenye vibanio vyote ubaoni. Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, na dereva wa lori lile, popote alipo, kwa kukanyaga breki.

Kabla hatujamshusha, Fundi Saa atasimama kichwani pake na kuuliza swali alilotuachia. Tunaomba sote tumjibu, hata nyie msio wa klabu, na kwa sauti, ili asihangaike tena kuhakikisha.

"Njano! Nani amewasha?"

Hakuna, kaka. Hakuna aliyewasha. Binti ameshavuka. Pumzika kwa amani.