Mama Taratibu Aiaga Meza ya Injini

Ijumaa, tarehe 30 Juni, fundi mkuu wa kitengo cha injini, ambaye karakana nzima inamwita Mama Taratibu, anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi.

Aliajiriwa kwa majaribio, mwanamke wa kwanza kushika spana hapa. Wiki mbili aliosha vipuri tu, yaani alipewa kila chenye grisi akisugue. Ya tatu akamwambia msimamizi kwamba vyote vimetakata, sasa anaomba kuviunganisha. Tangu hapo ameunda upya injini zaidi ya mia nne.

Jina lake limetokana na tapeti, vile vidude vya injini vinavyosukuma valvu, yaani vimilango vya hewa vya silinda, zifunguke. Nyingi kati ya hizi tunazofunga ni za oili: hujaa oili injini inapowaka, zikaziba nafasi iliyo juu ya valvu. Fundi hushika kifimbo cha tapeti kwa vidole viwili, hukipandisha na kukishusha huku akikaza nati, na kinapoacha tu kucheza, huongeza nusu mzunguko, basi. Wengine tunatumia dakika ishirini. Yeye hutumia saa nzima, na redio lazima izimwe. Mkurugenzi mwenyewe aliwahi kuombwa asubiri mlangoni, akasubiri.

Hakuanza hivyo. Katika mwezi wake wa tano tuliletewa gari la wagonjwa, la pekee katika hospitali yetu. Mimi, fundi mwenzake, nilisaga valvu zikae sawasawa, yeye akafunga tapeti mpya, zikiwa kavu. Injini iliwaka vizuri, halafu ikaanza kutetemeka, ikapiga mshindo na kuzima. Haikuwaka tena. Msimamizi alipima silinda, akakuta hazibani hewa, akaamua kwamba valvu zangu hazikukaa sawasawa. Nilikuwa na onyo moja tayari. Nikaambiwa nikusanye vitu vyangu.

Asubuhi iliyofuata, kabla kichwa cha injini hakijafunguliwa, Mama Taratibu aliingia ofisini kwa msimamizi.

“Valvu hazina kosa,” alisema. “Nimekaza mno mimi. Tapeti zilikuwa hazina oili, nikangoja kifimbo kiwe kigumu kuzungusha, kumbe nimeshapitiliza. Oili ilipojaa, zikazishikilia valvu wazi.”

“Unajua kwamba uko kwenye majaribio?”

“Najua. Mwiteni mwenzangu arudi.”

Msimamizi alimpa hadi saa nane mchana. Alilegeza nati zote, akaziacha valvu zifunge, akaanza upya, moja baada ya nyingine. Saa saba na nusu gari la wagonjwa lilitoka getini. Mimi niliitwa kazini siku hiyo hiyo. Yeye aliongezewa miezi sita ya majaribio, na hajawahi kulalamika kuhusu hilo, wala kunikumbusha.

Miaka tisa baadaye alikabidhiwa kitengo. Amefundisha mafundi kumi na tisa. Kila mmoja wao alifunga tapeti zake za kwanza huku Mama Taratibu amesimama nyuma yake, kimya, jambo ambalo wote wanakiri lilikuwa baya kuliko kufokewa. Aliyekosea na kusema mwenyewe hakuandikiwa onyo. Aliyenyamaza alipewa ndoo ya vipuri vya kuosha.

Mumewe, shemeji yetu, ametueleza kwamba nyumbani mambo ni yale yale: mkewe alitangaza kifo cha jokofu wiki mbili kabla halijafa, kwa kulisikiliza tu, naye akamcheka mpaka maziwa yalipoharibika.

Jumatano alimaliza injini yake ya mwisho, ya gari la kusambaza mikate. Ilipowashwa iligonga kwa sekunde chache, kisha oili ikafika juu, injini ikatulia. Tulipogeuka kumpigia makofi, alikuwa kwenye sinki, ananawa mikono.

Dada yetu, asante kwa kazi yako na kwa ukweli wako. Nenda ukapumzike, uamke saa unayoitaka, na Mungu akujalie afya njema na miaka mingi pamoja na wanao na wajukuu. Jumatatu tutakuita kwa mazoea; utuwie radhi.