Shavu la Mzee Dishon na Mabenchi Kumi na Sita

Tarehe 30 Novemba 1998, Mzee Dishon Ogola, fundi wa samani za nje wa hoteli yetu, atarudisha funguo za karakana baada ya miaka kumi na saba na miezi tisa ya kazi. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Zacchaeus Kangethe wa stoo, niandike habari zake, kwa kuwa stoo yangu na karakana yake zimetenganishwa na ukuta mmoja tu. Wangejua ninayoyajua, labda wangemtafuta mwingine.

Alikuja kutoka Awasi Machi 1981. Alikuta mabenchi kumi na sita ya mvule kwenye nyasi zinazoshuka hadi ziwani, yamepauka kwa jua, yamepasuka kwa mvua, na ndege wamemalizia uharibifu. Meneja wa wakati huo alitaka yawe kuni za jikoni. Dishon aliomba mwaka mmoja, akatumia miezi minane. Krismasi ilipofika, wageni wa kila mwaka walitupongeza kwa kununua mapya.

Tangu hapo, kila mvua za masika zilipokwisha, aliyasugua kwa brashi na sabuni, akayaacha kivulini wiki mbili, ndipo akaanza msasa na mafuta. Kipimo chake cha ukavu kilikuwa shavu. Alilibandika kwenye ubao, akafumba macho, akatulia. Ubao wenye maji ndani huwa baridi. Mwaka 1986 mgeni mmoja alimkuta hivyo akakimbia mapokezi kusema fundi amezimia. Mama Seline, aliyekuwa zamu hapo mapokezi, alimweleza kwamba fundi yuko kazini, na ndivyo anavyofanya kazi. Tulimtania miaka mingi kwamba ndiye pekee anayelala kazini bila kuitwa ofisini.

Mwishowe aliitwa, na kosa lilikuwa langu.

Juni 1992 alikuwa likizo ya mwezi mmoja kwao, kwa ajili ya mazishi ya kaka yake. Mabenchi yalikuwa na siku tatu tu tangu yaoshwe. Tulikuwa na harusi kubwa Jumamosi, nami nilitaka yang'ae. Nilitoa makopo ya vanishi stooni, nikaita vibarua wawili, kazi ikaisha kwa siku mbili. Yaling'aa kweli. Watu walinisifu, nami nikajiona fundi.

Dishon aliporudi alibandika shavu kwenye benchi la kwanza, akasema ni baridi. Aliniuliza kama niliyaacha yakauke. Nilimjibu kwamba yalikaa kivulini wiki mbili nzima, na baridi ile ni ya vanishi. Aliniamini. Ningesema kweli siku ile, angeibandua vanishi yote na mabenchi yangepona. Niliona haya, basi.

Maji yalibaki ndani, yamefungiwa na vanishi. Mwaka uliofuata mguu wa benchi moja ulivunjika mama mmoja akiwa amekaa. Hakuumia, lakini mabenchi yote yalipokaguliwa, kumi na moja yalikuwa yameoza kwa ndani. Meneja mpya alimwita fundi. Dishon alisema mabenchi ni yake na kosa ni lake. Akaongeza kwamba huenda shavu lake limezeeka. Akapewa barua ya onyo. Nilikuwa nimeketi chumba hicho hicho, kalamu mkononi nikiandika kumbukumbu za kikao, na sikufungua mdomo.

Kilichoniuma kuliko barua ni yaliyofuata. Mtu aliyetosheka na wiki mbili alianza kungoja mwezi. Alipima benchi moja mara tatu, kisha akamwita Mama Seline naye aguse. Mikono ilibaki ile ile, lakini imani yake kwa shavu lake niliichukua mimi, nikakaa nayo miaka mitano nikinywa naye chai ya saa nne kila siku.

Jumatatu iliyopita nilikwenda karakana nikamweleza yote. Aliweka msasa chini. Kisha akasema kumbe ilikuwa baridi kweli. Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza. Aliniruhusu tu niyaandike haya hapa. Meneja naye nilimweleza, na ameshaitoa ile barua kwenye faili la Dishon.

Mabenchi matano yamebaki, na hata mvua kubwa za mwaka jana hazikuyashinda. Kwa miaka yote hiyo Dishon hajawahi kukaa juu ya hata moja. Husema ni ya wageni. Jumamosi hii, kwenye sherehe, la kwanza kando ya maji litakuwa lako la kukalia, Mzee. Nimeliosha mwenyewe, na limekaa kivulini wiki mbili kamili. Lakini usichukue neno langu. Lipime kwanza kwa shavu lako, nasi sote tutasimama tukingoja utuambie.

Asante kwa kazi yako yote. Nenda Awasi salama, upumzike vizuri, na Mungu akupe miaka mingi yenye afya.